Je, Kazi Ipi Ni Wito? Maisha ya Mwalimu Amos Alonzo Stagg



Mtu anapoanza kujifunza mambo ya Mungu, mara huzuka swali moyoni mwake. Humwona padri altareni, humwona mtawa akiwauguza wagonjwa, humwona katekista akiwafundisha watoto sala, naye hujiambia: "Hao wameitwa. Kazi yao ni kazi ya Mungu. Lakini mimi nalima muhogo, ndugu yangu anavua samaki, mke wangu anatwanga na kulea watoto. Kazi zetu ni za tumbo tu." Tena wako wengine wanaoumia zaidi. Walitamani kazi fulani ya heshima, wakaijaribu, wakashindwa. Na tangu siku ile huona ya kuwa maisha yao yote yamekosa maana.

Je, fikira hiyo ni ya kweli? Je, wito ni mali ya watu wachache, na wengine wote hufanya kazi kama punda abebaye mzigo asiojua ni wa nani? Swali hili si dogo. Mtu asiyeona maana ya kazi yake huifanya nusunusu. Na aifanyaye kazi nusunusu huiharibu kazi, na pamoja nayo huiharibu roho yake mwenyewe.

Ili tupate kujibu, tutazame maisha ya mtu mmoja wa Marekani, aliyeishi miaka 102, na katika miaka hiyo akawafundisha vijana mchezo wa mpira kwa zaidi ya miaka 60. Jina lake ni Amos Alonzo Stagg. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mkristo wa madhehebu ya Wapresbiteri. Wala hakuwa mtu asiye na doa, kama tutakavyoona. Lakini swali letu lilimpata yeye mwenyewe katika ujana wake, likamchoma, naye akalijibu kwa miguu na mikono yake muda wote wa maisha yake.

MWANA WA FUNDI WA VIATU

Stagg alizaliwa tarehe 16 Agosti 1862 huko West Orange, katika jimbo la New Jersey. Baba yake alikuwa fundi wa viatu, tena maskini, mwenye watoto wengi. Kijana alijua kazi ya mikono tangu utoto. Alipotaka kusoma, hakuwa na wa kumlipia; ikambidi afanye kazi huku akisoma. Katika siku zake za kwanza za masomo ya juu alikaa katika chumba kibovu chini ya paa, bila moto wakati wa baridi, akila chakula kidogo mno, hata afya yake ikadhoofika.

Mwaka 1884 akaingia katika Chuo Kikuu cha Yale. Nia yake ilikuwa moja tu: awe mchungaji wa kanisa lake, asimame mimbarini na kuhubiri neno la Mungu. Kwa ajili hiyo alivumilia njaa, na kwa ajili hiyo alikaa usiku na vitabu.

Lakini Mungu alikuwa amemjalia pia mwili mwepesi na mkono wenye nguvu. Kule Yale akawa mrushaji hodari sana katika mchezo wao wa mpira na gongo, uitwao besiboli. Sifa zake zikaenea hata timu za watu wanaocheza kwa mshahara zikamtaka, zikamwahidi fedha nyingi. Fikirini, ndugu zangu: mwana wa fundi wa viatu, aliyekula kidogo ili apate kununua vitabu, anawekewa mezani fedha ambazo baba yake hakupata kuziona. Stagg akakataa. Aliona ya kuwa viwanja vile vya kulipwa vilijaa pombe na maisha mabaya, na yeye alikuwa ameiweka nia yake mahali pengine.

Alipomaliza masomo yake ya kwanza mwaka 1888, akaendelea na masomo ya dini palepale Yale. Njia ilionekana kunyooka. Kumbe hapo ndipo ilipokatika.

KIJANA ALIYESHINDWA KUHUBIRI

Stagg aligundua ya kuwa hajui kusema mbele ya watu. Imani alikuwa nayo, elimu alikuwa nayo, nia njema alikuwa nayo. Lakini aliposimama mbele ya mkutano, maneno hayakumtoka vizuri. Mhubiri asiyeweza kuhubiri ni kama mvuvi anayeogopa maji.

Sasa tazameni hatari iliyokuwa mbele yake. Angeweza kukasirika na kusema: "Nimekataa fedha kwa ajili ya Mungu, naye Mungu amenikataa." Angeweza kurudi kwenye fedha zile. Au angeweza kung'ang'ania mimbari kwa kiburi, awe mhubiri mbaya maisha yake yote, kwa kuwa tu cheo hicho kina heshima mbele ya watu. Stagg hakufanya hata moja katika hayo. Alijiuliza: "Kusudi langu lilikuwa nini? Je, nilitaka mimbari, au nilitaka kuwasaidia vijana wawe watu wema?" Mimbari ilikuwa njia. Njia moja ikifungwa, anayejua aendako hutafuta nyingine. Ni yule tu aliyependa njia kwa ajili ya njia anayekaa chini kulia.

Basi mwaka 1890 akaiacha shule ya dini, akaenda Springfield katika jimbo la Massachusetts, kwenye shule ya chama cha vijana Wakristo kiitwacho Y.M.C.A., iliyowaandaa viongozi wa vijana. Huko alikuwako mtu mwingine aliyefanana naye, James Naismith, mzaliwa wa Kanada. Naye alikuwa amesoma mambo ya dini, kisha akachagua kuwalea vijana kwa njia ya michezo. Mwezi wa Desemba 1891 Naismith akatunga mchezo wa mpira wa kikapu, ambao leo huchezwa ulimwenguni kote. Walimu wa shule ile walipocheza na wanafunzi wao mbele ya watu mwezi wa Machi 1892, wanafunzi waliwashinda walimu kwa 5 kwa 1. Na ile moja ya walimu ilitiwa na Stagg.

Mwaka uleule wa 1892 chuo kikuu kipya kilifunguliwa katika mji wa Chicago. Mkuu wake, William Rainey Harper, alikuwa amemfundisha Stagg kule Yale, naye akamwita aje kuongoza mazoezi ya mwili na michezo. Stagg akafikiri, akasali, kisha akamjibu ya kuwa ameona maisha yake yataweza kumtumikia Bwana wake vizuri zaidi katika kazi ile. Angalieni vema jibu hilo. Hakusema, "Nimekosa kazi ya Mungu, basi nitafanya hii." Alisema ya kuwa hii ndiyo.

Harper naye hakumwajiri kama mtu wa kupigisha mpira kwa msimu mmoja, kama ilivyokuwa desturi ya vyuo vingi siku zile. Alimpa cheo cha mwalimu wa chuo, sawa na wale waliofundisha lugha na sayansi. Stagg alidumu pale misimu 41, tangu 1892 hata 1932.

MCHEZO WENYEWE

Mpira alioufundisha Stagg si kabumbu tunayoijua sisi. Mpira wa Wamarekani una umbo kama la yai. Kila upande una watu 11. Mchezaji huubeba mpira mikononi, na adui zake humrukia na kumwangusha chini. Upande wenye mpira hupewa majaribio machache ya kusogea mbele kwa kipimo kilichowekwa. Wasipokifikia, mpira hupewa wenzao. Ni mchezo wa nguvu na wa maumivu, nao humtaka mtu awe na akili, maana mmoja akikosea nafasi yake wote kumi huanguka pamoja naye.

Mwaka wa kwanza kule Chicago vijana waliokuja walikuwa wachache mno, hata mwalimu mwenyewe akaingia kucheza pamoja nao. Stagg hakunywa pombe wala hakuvuta tumbako, na wachezaji wake aliwakataza vyote viwili. Hakutukana. Neno lake kali kuliko yote lilikuwa kumwita mchezaji "punda". Na aliyestahili zaidi aliitwa punda mara mbili. Tena husemwa ya kuwa ndiye aliyebuni, tangu siku za Yale, kutundika godoro ili vijana wajizoeze kulikaba na kuliangusha, badala ya kuumizana wao kwa wao siku zote.

Huenda mmoja wenu atauliza: "Je, mchezo si upuuzi tu? Haujazi ghala, haujengi nyumba." Ni kweli, mchezo haujazi ghala. Lakini wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kijana akikaa darasani aweza kuficha uvivu wake, hasira yake na kiburi chake. Uwanjani hawezi. Akipigwa mbele ya watu, ndipo tunapojua kama ana subira. Akishinda, ndipo tunapojua kama ana unyenyekevu. Mwalimu mwenye macho huona pale moyo wa kijana ulivyo, naye hupata nafasi ya kuukunja kabla haujakauka. Hilo ndilo shamba ambalo Stagg alilichagua.

MCHEZO ULIPOANZA KUUA

Lakini kazi njema yaweza kuharibika, na tusifiche jambo hilo. Kufika mwaka 1905 mchezo huu katika Marekani ulikuwa umekuwa mkali kupita kiasi. Vijana walikusanyika kama ukuta, wakagongana. Wakavunjwa mbavu na shingo, na msimu ule walikufa vijana zaidi ya kumi katika nchi yote. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Rais Theodore Roosevelt aliwaita wajumbe wa vyuo vikuu vya Harvard, Yale na Princeton, akawataka wausafishe mchezo. Watu wengi walisema upigwe marufuku kabisa, na vyuo vingine vikauacha.

Hapo liko fundisho. Kitu chema kikitumiwa vibaya, mtu mpumbavu husema, "Tuendelee hivihivi, ndiyo desturi." Mtu wa haraka husema, "Tukitupe." Mwenye hekima hutafuta mahali kilipopinda na kukinyosha. Mwaka 1906 halmashauri ya sheria za mchezo, ambayo Stagg alikuwa mmoja wa watu wake, ikabadili mambo mengi. Iliruhusu mpira kurushwa mbele kwa mkono, ili wachezaji watawanyike uwanjani wasirundikane. Kipimo cha kusogea mbele kikaongezwa kutoka yadi 5 hata yadi 10, ili nguvu peke yake isitoshe. Muda wa mchezo ukapunguzwa kutoka dakika 70 hata 60. Hatari haikuisha mara moja, ikabidi sheria ziongezwe tena baadaye. Lakini mchezo ulianza kutafuta akili badala ya damu.

DOA LA USHINDI

Sasa tufike penye uchungu. Mwezi wa Novemba mwaka uleule wa 1905, Chicago ya Stagg ilicheza na Chuo Kikuu cha Michigan. Wale wa Michigan walikuwa hawajashindwa katika michezo 56 mfululizo. Watu zaidi ya 20,000 walikuja kutazama. Mchezo ukaisha kwa Chicago kupata 2 na Michigan kukosa hata moja. Alama hizo mbili zilitoka katika tendo moja tu: kijana mmoja wa Michigan aliudaka mpira nyuma ya mstari wa upande wake, akajaribu kutoka nao, akaangushwa palepale. Chicago wakaimba usiku kucha. Kijana yule akalaumiwa kana kwamba ameuza nchi yake. Mwaka 1932, baada ya miaka 27, alijiua. Na magazeti yakaandika ya kuwa mzigo wa siku ile ulikuwa haujamtoka.

Stagg hakumwua kijana yule, wala hatusemi hivyo. Lakini tujiulize: ni nani aliyewafundisha maelfu ya watu ya kuwa alama mbili katika mchezo zina uzito kuliko moyo wa mtu? Walifundishana wote pamoja: magazeti, wakuu wa vyuo, watazamaji, na walimu wa mchezo pia. Kule Chicago kwenyewe baadhi ya wachezaji hodari walipokelewa na kuachwa waendelee hali hawakuyajali masomo, kwa kuwa walileta ushindi na sifa. Stagg, aliyekataa fedha za timu za kulipwa ili mchezo usiwe biashara, aliishi na kuona mchezo wa chuo chake ukijaza viwanja na kuleta fedha nyingi, naye hakuwa nje ya jambo hilo.

Hapa yapasa tusimame na kujifunza. Nia njema peke yake haitoshi. Mtu aweza kuanza kazi kwa ajili ya Mungu, kisha polepole akaanza kuipenda sifa ya kazi kuliko kusudi lake. Mwalimu wa shule aanze kuwapenda watoto, halafu apende kusifiwa na mkaguzi. Katekista aanze kupenda roho za watu, halafu ahesabu waliobatizwa kama mwindaji ahesabuye pembe. Mkulima aanze kulima ili watoto wale, halafu alime ili jirani aone wivu. Kazi haijabadilika kwa nje, lakini ndani bwana wake ni mwingine.

ALIPOONDOLEWA KAZINI

Mwaka 1932 Stagg alitimiza miaka 70, na sheria ya chuo ikamtaka aiache kazi ile. Mkuu mpya, Robert Hutchins, hakuupenda sana mchezo wa mpira chuoni. Stagg alipewa nafasi nyingine ya heshima, asifundishe tena wachezaji. Angeweza kukaa kivulini, akila jina lake. Akakataa. Alisema moyoni: "Kazi yangu ni vijana." Mwaka 1933 akahamia upande wa pili wa Marekani, Stockton katika jimbo la California, kwenye chuo kidogo kiitwacho College of the Pacific, ambacho hakikuwa na utajiri wala sifa kama za Chicago. Akafundisha huko misimu 14. Mwaka 1943, akiwa na miaka 81, walimu wenzake wa mchezo nchini kote walimchagua kuwa mwalimu bora wa mwaka.

Tena mwaka 1947 chuo hicho kilipokuwa kimemwondoa naye, mzee alikwenda Pennsylvania kumsaidia mwanawe, aliyekuwa mwalimu wa mchezo katika chuo kidogo cha Susquehanna. Wakafanya kazi pamoja hata 1952. Fikirini jambo hili. Mtu ambaye jina lake liliandikwa juu ya uwanja mkubwa anasimama kando ya mwanawe katika uwanja mdogo, bila kuona haya. Mwenye kupenda cheo asingaliweza. Mwenye kupenda kazi aliweza.

Baada ya hapo alirudi Stockton, akaendelea kuwafundisha vijana wa chuo kingine kidogo namna ya kupiga mpira kwa mguu, hali amekwisha kupita miaka 90. Mkewe Stella, aliyemwoa mwaka 1894, alikuwa msaidizi wake siku zote, akitazama michezo na kuandika mienendo ya wachezaji. Stella alifariki mwaka 1964, na Stagg akamfuata tarehe 17 Machi 1965.

UWANJA ULIOBOMOLEWA

Na ule uwanja wa Chicago uliopewa jina lake, Stagg Field, ulipatwa na nini? Mwaka 1939 chuo kiliuacha mchezo wa mpira. Viti vya watazamaji vikabaki vitupu. Chini ya viti hivyo, tarehe 2 Desemba 1942, wakati wa vita kuu, mtaalamu Enrico Fermi na wenzake walifaulu mara ya kwanza kuiamsha nguvu ya atomu na kuizuia kwa kipimo. Kazi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya bomu la atomu. Nasi watu wa Kongo tuna sehemu katika habari hii, tukitaka tusitake. Kwa maana sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani katika kazi ya bomu wakati wa vita ilichimbwa katika nchi yetu, Shinkolobwe, huko Katanga, kwa mikono ya wachimbaji ambao hawakuambiwa itatumika kwa nini.

Mwaka 1957 viti vile vilibomolewa. Mahali pake ikajengwa maktaba kubwa, iliyofunguliwa mwaka 1970. Mchezo ulirudi chuoni mwaka 1969, lakini si kwa makelele ya zamani.

Basi, kama kazi ya Stagg ilikuwa ule uwanja, imevunjwa kwa nyundo. Kama ilikuwa ushindi wake, na alishinda michezo zaidi ya 300, nani kati yetu awezaye kuitaja mitatu? Lakini husimuliwa ya kuwa siku moja, baada ya timu yake kushinda, aliulizwa kama vijana hao walikuwa timu bora. Naye akajibu ya kuwa hatajua mpaka ipite miaka ishirini, atakapoona wamekuwa watu wa namna gani. Jibu hilo lina hekima kuliko ushindi wote. Mti hujulikana kwa matunda yake, na matunda ya mlezi huiva pole sana.

JIBU LA SWALI LETU

Turudi sasa kwenye swali letu. Kazi ipi ni wito? Maisha ya mtu huyu yanatupa vipimo vitatu.

Kwanza, kusudi. Naifanya kazi hii kwa ajili ya nani? Stagg alishindwa kupata kazi aliyoitamani, lakini hakupoteza kusudi, kwa hiyo hakupoteza wito. Mtume Paulo anatufundisha ya kuwa mwili ni mmoja na viungo ni vingi. Mguu hauwi si kitu kwa sababu si jicho. Anayelima ili watoto wapate chakula, na mgeni apate, na mjane asikose, huyo yumo katika kazi ya Mungu, ajapokuwa hajasimama mimbarini hata siku moja.

Pili, njia. Kusudi jema halisafishi njia mbaya. Mwizi hawezi kusema, "Naiba ili nitoe sadaka." Na mwenye kazi halali naye ajiangalie, maana palipo na sifa ndipo njia hupindika bila mtu kujua. Stagg mwenyewe, pamoja na ukali wake juu ya pombe na matusi, hakukwepa kabisa mtego wa ushindi. Ikiwa mtu kama huyo alihitaji kukesha, sisi je?

Tatu, matunda. Si yale yahesabiwayo jioni, bali watu waliosaidiwa kuwa watu wema zaidi kwa kukutana nasi katika kazi. Fundi asiyemdanganya mteja huwafundisha wanafunzi wake uaminifu bila kuhubiri. Mama anayegawa chakula kwa haki, hata kwa mtoto asiye wake, anafundisha haki kabla mtoto hajajua kusoma neno hilo.

Tukivitumia vipimo hivi, tutaona ya kuwa kazi nyingi zinazodharauliwa ni wito, na kazi nyingine zinazosifiwa si wito, maana mwenye nazo hujitumikia mwenyewe. Jina la kazi halimwokoi mtu wala halimhukumu. Yule aliyepewa talanta moja hakuhukumiwa kwa kuwa alipewa moja. Alihukumiwa kwa kuwa aliifukia.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyetamani kuwa mwalimu na ukarudi shambani. Na wewe dada uliyetaka kusoma zaidi, ikakubidi kukaa nyumbani kuwatunza wazee. Msiseme ya kuwa mlango umefungwa na nyumba imebomoka. Ulizeni kwanza: mlitaka nini ndani ya nyumba ile? Ikiwa mlitaka kuwatumikia watu, watu wako bado, nao wako karibu nanyi. Shikeni jembe, shikeni wavu, shikeni mwiko, mkaanze leo.

MASWALI YA KUTAFAKARI

1. Stagg alipoona hawezi kuhubiri, ni mambo gani mabaya angaliweza kufanya, na kwa nini hakuyafanya?
2. Je, nia njema yatosha kuifanya kazi iwe njema? Toa mfano kutoka kijijini kwako.
3. Kijana akisababisha timu yake kushindwa, wenzake wamtendeeje jioni ile?
4. Itaje kazi moja inayodharauliwa kijijini kwako. Ukiipima kwa kusudi, njia na matunda, waonaje?
5. Baada ya miaka ishirini, ni nani atakayeweza kusema ya kuwa amekuwa mtu mwema zaidi kwa sababu ya kazi yako?